Zima

Kitabu chenyewe hakina jalada.
Kina muhuri wa maktaba ya shule, Bwiru, na jina la baba
kwa penseli, mara mbili,
kana kwamba mara ya kwanza hakuamini.
Kurasa kumi na mbili za mwisho mama alifungia karanga za kuuza.
Ndiyo maana nilikua bila kujua
kama maharamia walinyongwa au walizeeka.

Sasa nimelipwa nusu nikigeuze tamthilia:
sehemu nane, dakika arobaini kila moja,
na mtayarishaji, Lushinge, haishi kunikumbusha:
"Fedha ni ya mtumbwi mmoja. Uonekane mitatu."

Nilianza kwa kufuta. Nikafuta chumvi.
Nikafuta papa, minazi, mizinga ya shaba.
Sanduku la dhahabu nikalifanya viroba vya mabondo,
maana dhahabu iko Geita na ina walinzi wake,
ila bondo la sangara hulala chini ya kitanda cha mtu.
Bendera nyeusi niliiacha siku mbili
kisha nayo nikaifuta: nani aje kuiba huku anajitangaza?

Akabaki nahodha.
Huyo sikuthubutu kumgusa. Hotuba yake,
kurasa nne, amesimama kwenye omo
akiwasimulia mateka habari za uhuru,
na mwezi, na ujinga wa wafalme.
Darasa la sita niliikariri yote
nikamtolea mbuzi wa jirani.

Kayenze, siku ya kukodi mtumbwi,
Bi Nyanjige alivaa miwani akaisoma,
kidole chini ya kila mstari,
dagaa wakikauka nyuma yake.
Akauliza, "Huyu analipwa kwa neno?"
Kisha akasema, si kwa huzuni, alikuwa anapiga hesabu
ya mafuta tutakayochoma,
kwamba kaka yake Malimi, ng'ambo ya Kome,
alifuatwa na watu wanne wasio na taa.
Walisema neno moja.
*Zima.*
Akazima. Wakaifungua mashine kwa spana zao wenyewe,
polepole, kama mafundi walioitwa,
wakamwachia dumu tupu la kushikilia mpaka alfajiri.
"Deni la mashine bado nalilipa mimi," akasema.
"Elfu themanini kwa siku. Mafuta yenu."

Nikazikata kurasa zote nne.
Bulugu, mwigizaji wetu, alinuna:
alishazijua kwa moyo, hata mahali pa kupunga mkono.

Tulipiga picha saa nne usiku, usiku wa giza.
Mbali majini taa za wavuvi wa dagaa
zilijipanga kama mtaa ambao mchana haupo.
Mwongozaji akampa Bulugu kipaza sauti
ashindane na jenereta,
na Bulugu, kwa uchungu wa kurasa zake,
akalisema lile neno kwa pumzi ya zote nne.

Ziwa likalipokea.
Taa moja ikazimika.
Halafu ya jirani yake. Halafu kumi.
Halafu mtaa mzima, mpaka upande wa Ukerewe,
watu tusiowajua majina
wakajikunja mitumbwini
wakisikiliza kama kuna makasia.

Hakuna aliyesema "kata."
Bi Nyanjige ndiye aliyekimbia majini mpaka magotini,
akapokonya kipaza sauti, akaita kwa Kisukuma,
kwa Kiswahili, kwa Kikerewe cha kubahatisha:
Ni mchezo! Ni watoto wa televisheni! Washeni!
Walichukua muda mrefu kumwamini.

Asubuhi mpiga picha alinionyesha. Hamna kitu,
weusi tu, maji, mbu,
mtu mmoja anakohoa ambaye si wetu.
Lushinge anasema ni hasara, tuitupe.
Nimeandika: *Sehemu ya tatu. Giza, dakika nzima.
Muziki usiwekwe.*

Zile kurasa kumi na mbili
sijazitafuta.